Somo: Kupanga na kusimamia ujenzi wa kituo kikubwa cha utafiti wa sayansi, hatua kwa hatua

Ndugu wanachama, salaam.

Nimekaa miaka mingi kwenye ratiba na vikao vya saiti za maabara, na karibu kila tatizo lililoninyima usingizi lilitokea mahali pa aina moja: pale kazi ya kundi moja inapokutana na kazi ya kundi jingine. Aliyemwaga zege amefanya kazi safi. Aliyetengeneza mtambo amefanya kazi safi. Siku mtambo unapokalishwa juu ya zege, boliti haziingii. Mahali hapo napaita maungio, na ndiyo nitakayoyasemea zaidi ya kitu kingine chochote hapa chini.

HATUA YA 1: Geuza sayansi iwe namba

Mwanasayansi atakwambia anataka chumba kilichotulia. Usimwachie hapo. Muulize: mtetemo usizidi kiasi gani, na wa kasi ipi? Joto la chumba likipanda kwa nusu nyuzi, kipimo chake kinaharibika au la? Sakafu ikididimia milimita moja kwa mwaka, atairekebisha kwa kutumia nini? Mhandisi wa majengo hawezi kuchora "utulivu", ila namba anaweza kuichora.

Tazama LIGO ya Marekani, mitambo miwili ya kunasa mawimbi ya mvutano (mitetemo midogo mno itokayo mbali angani), mmoja Hanford na mwingine Livingston. Kila mkono una urefu wa kilomita 4, na mwanga wa leza lazima usafiri ndani yake kwa mstari ulionyooka kabisa. Katika urefu huo dunia yenyewe inajipinda kwa zaidi ya mita 1. Kwa hiyo msingi uliofuata usawa wa ardhi, jinsi fundi yeyote angeupima kwa mazoea, ungeharibu kila kitu. Zege lilibidi lifuate mstari wa mwanga. Namba ya aina hiyo ikichelewa kumfikia mkandarasi, atajenga msingi mzuri sana usiofaa.

HATUA YA 2: Chagua eneo kwa kusikiliza ardhi na watu

Uchunguzi wa udongo na miamba si mahali pa kubana fedha. Handaki la CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe ndogo kuliko atomu, lenye mzunguko wa kilomita 27, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, limelazwa kwa mteremko kidogo ili sehemu kubwa iwezekanavyo ipite kwenye mwamba mzuri na kuukwepa ule mgumu kuchimbika chini ya milima ya Jura. Na hata ukichagua vizuri, mazingira yataingia kwenye vipimo vyako. Mashine ya kugonganisha chembe ya LEP, iliyotumia handaki hilo kuanzia 1989 hadi 2000, ilikuwa nyeti kiasi kwamba wanasayansi waliona mvuto wa Mwezi ukinyoosha ardhi na kubadilisha nishati ya chembe. Waliona pia umeme unaovuja kutoka reli za treni ziendazo kasi. Hakuna aliyewazia treni wakati wa kuchora mtambo.

Kwa darubini za redio adui ni simu, magari na mitambo ya mawasiliano. Afrika Kusini ililitambua hilo mapema ikatunga sheria maalumu mwaka 2007 ya kulinda maeneo ya astronomia, kabla hata mradi wa SKA, darubini kubwa ya redio, haujaanza kujengwa eneo kavu la Karoo. Utaratibu wao ni mzuri: ulinzi wa eneo kwanza, vyuma baadaye.

Habari ya watu nitaigusa kwenye maswali.

HATUA YA 3: Maungio

Hapa naomba tutulie.

Tarehe 10 Septemba 2008 dunia nzima ilishangilia chembe zikizunguka kwa mara ya kwanza ndani ya LHC, mashine ya CERN iliyofuata LEP. Siku 9 baadaye, umeme ukipandishwa katika sekta ya mwisho kati ya 8, kiungo kimoja cha umeme kati ya sumaku mbili kilishindwa. Cheche ikatoboa chombo cha heliamu inayopoza sumaku, tani kadhaa zikavuja, na msukumo wake ukang'oa sumaku zenye uzito wa makumi ya tani kutoka kwenye vitako vyake. Sumaku 53 zilipandishwa juu kukarabatiwa au kubadilishwa. Mashine ilirudi kazini Novemba 2009, baada ya miezi 14.

Jiulize kilichoharibika kilikuwa nini. Sumaku kuu zilikuwa 1,232, kila moja imepimwa peke yake kwa uangalifu mkubwa kabla ya kushushwa. Kilichovunjika ni kile kinachounganisha sumaku na jirani yake, kazi ya kulehemu iliyofanyiwa handakini, mahali pembamba, mara zaidi ya 10,000. Kuanzia 2013 mashine ilisimamishwa tena na viungo hivyo vyote vikaimarishwa.

ITER huko kusini mwa Ufaransa, mtambo wa kujaribu kupata nishati kwa kuunganisha viini vya atomu, ina funzo la namna hiyohiyo. Chombo chake kikuu cha ombwe (kinachoondolewa hewa yote) kina vipande 9, vingine vimetengenezwa Korea Kusini na vingine Ulaya. Vilipofika, ikaonekana kingo za kulehemu za baadhi yake hazikuwa na vipimo vilivyotakiwa, na ukarabati ukala muda mwingi. Mwaka 2024 mradi ulitangaza ratiba mpya inayosogeza kuanza kwa utafiti hadi 2034.

Sasa, unafanyaje? Mimi hufanya hivi. Kwanza naorodhesha kila mahali ambapo makundi mawili yanakutana: bomba na ukuta, waya na kabati, mtambo na sakafu, programu na kifaa. Orodha itakuwa ndefu hadi itakutisha, na bado kuna utakayoyasahau. Kisha kila maungio yanapata karatasi yake, ikiwa na mchoro mmoja (wa pande zote mbili, si kila upande na wake), vipimo, kiasi cha kukosea kinachoruhusiwa, tarehe, na sahihi za pande zote mbili. Halafu jambo ambalo wengi hulikwepa: maungio yanapewa mwenyewe. Mtu mmoja mwenye jina, siyo idara. Yakiwa ya wote, siku ya tatizo utasikia kila mtu akisema alidhani mwenzake ameangalia.

Kuna mradi mmoja niliousimamia ambapo mlango wa kuingizia tangi ulikuwa mfupi kwa sentimita 11. Mchora mlango alikuwa na kimo cha tangi. Mtengeneza tangi alikuwa na kimo cha mlango. Kimo cha gari la kulibebea hakikuwa kwa yeyote. Tulibomoa ukuta mpya kabisa, na nakumbuka sura ya fundi aliyeujenga akiuangalia ukianguka. Tangu hapo sikubali kifaa chochote kikubwa kisafirishwe kabla hatujapitisha njia nzima fremu ya mbao yenye umbo na kimo chake kikiwa juu ya gari.

HATUA YA 4: Makisio, na mlango wa mabadiliko

Sayansi haisimami wakati unajenga, hivyo mabadiliko yatakuja. Ila kila badiliko liingie kwa mlango mmoja: kamati ndogo inayotazama gharama, muda na maungio yote yanayoguswa.

Marekani ilikusudia kujenga Texas mashine ya kugonganisha chembe, SSC, yenye mzunguko wa kilomita 87. Katikati ya safari ilionekana tundu la sumaku linalopitisha chembe ni finyu mno, likapanuliwa kutoka sentimita 4 hadi 5. Kisayansi hoja ilikuwa nzito. Lakini sentimita hiyo moja ilizidishwa kwa maelfu ya sumaku, ikachangia makisio kupanda, na sababu nyingine zikaongezeka juu yake hadi yakapita dola bilioni 10. Oktoba 1993 Bunge likaufuta mradi, dola takriban bilioni 2 zikiwa zimetumika na kilomita zaidi ya 20 za handaki zimechimbwa. Nikilisoma tukio hilo huwa naumia kwa ajili ya vijana waliohamisha familia zao kwenda kule.

HATUA YA 5: Ratiba

Anza na kile kinachochukua muda mrefu kuliko vyote, urudi nyuma. Usisubiri jengo liishe ndipo uanze mtambo. Kigunduzi cha CMS cha CERN, kifaa kikubwa cha kunasa kinachotokea chembe zikigongana, kiliunganishwa juu ya ardhi wakati pango lake likichimbwa, kisha kikashushwa vipande vipande. Kile kizito zaidi, karibu tani 2,000, kilishushwa Februari 2007 kina cha takriban mita 100, nafasi pembeni ikiwa sentimita 20 tu.

HATUA YA 6: Kuwasha na kukabidhi

Washa kidogo kidogo, sehemu kwa sehemu, na andika kila namba. Wafanyakazi watakaoendesha kituo wawepo tangu vifaa vinafungwa. Mtu aliyeona bomba likifungwa atajua lilipo siku likivuja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa darasa. Niko upande wa manunuzi. Nchi washirika zikichangia vifaa badala ya fedha, ni baraka au mzigo?

Jibu: Vyote viwili, ndugu yangu. Nchi hukubali kwa urahisi kuchangia kitu kitakacholipa viwanda vyake na kufundisha watu wake. ITER ina washirika 7, na bila mtindo huo sidhani ingezaliwa. Ila kila kifaa cha mchango kinaongeza maungio yanayovuka mipaka ya nchi, na msimamizi hana hela ya kumwajibisha aliyechelewa. Ushauri wangu: ofisi kuu ibaki na fungu la fedha taslimu la kutosha kurekebisha maungio bila kwanza kwenda kuomba. Na wakaguzi wenu wakae kiwandani kwa mtengenezaji. Kosa likigunduliwa bandarini mmeshachelewa.

Swali: Akiba ya dharura tuweke asilimia ngapi?

Jibu: Usiweke asilimia moja kwa mradi mzima. Barabara na uzio vinajulikana, akiba yake ni ndogo. Kifaa ambacho hakijawahi kutengenezwa popote kinahitaji akiba kubwa. Pitia kipengele kimoja kimoja, kisha jumlisha. Pamoja na akiba, andaa mapema orodha ya vitu vinavyoweza kupunguzwa bila kuua sayansi. ALMA, darubini ya redio iliyoko mita 5,000 juu ya usawa wa bahari huko Chile, ilipanga antena kuu 64. Gharama zilipopanda wakapitia upya mpango wote mwaka 2005 wakashuka hadi 50. Japani ikaongeza 16 zake, jumla 66, na darubini inafanya kazi ya kupendeza sana.

Swali: Mwalimu, uliahidi habari ya watu. Wenyeji wakikataa?

Jibu: Wakikataa, kwanza usikilize, dada yangu. Kule Hawaii mradi wa darubini ya TMT ulipata kibali cha kujenga Mauna Kea, mlima ambao wenyeji wengi wanauona mtakatifu. Mwaka 2015 watu walifunga barabara, na Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya jimbo ikabatilisha kibali kwa sababu kilitolewa kabla pingamizi halijasikilizwa. Kibali kingine kilipatikana baadaye, lakini 2019 barabara ilifungwa tena. Kibali ni karatasi ya serikali. Ridhaa ya wenyeji hutafutwa kwa kwenda, kukaa, kurudi tena, na kukubali kwamba jibu linaweza kuwa hapana. Kazi hiyo ianze kabla ya kupima udongo, maana wakiona mashine ya kuchoronga kwanza watajua mmeshaamua.

Swali: Mimi ni mwanafizikia. Tukijenga miaka 10, si tutafungua kituo kilichopitwa na wakati?

Jibu: Ndiyo maana sehemu ngumu kubomoa, yaani handaki, msingi, mirija mikubwa na njia za umeme, zijengwe kwa ukubwa unaozidi mtambo wa kwanza. LHC iliingia kwenye handaki lililochimbwa kwa ajili ya LEP. LIGO ya mwanzo ilitafuta mawimbi kuanzia 2002 hadi 2010 bila kuyapata. Wakabadilisha leza, vioo na mifumo ya kuvitundika, mirija na majengo yakabaki yaleyale, na tarehe 14 Septemba 2015 wakayanasa. Kwenye michoro yako acha nafasi ya mtambo wa pili, na kwenye orodha ya maungio uandike yatakayohusu mtambo huo, hata kama atakayeufunga bado yuko shuleni.