Fukusi madume wanaopandana: namna ya kuwaangalia nyumbani

Nimemsaidia mtoto wa jirani, hapa Ng'ambo ya mji wa Zanzibar, kazi yake ya bayolojia ya skuli. Dume kumpanda dume mwenziwe kumeonekana kwa aina zaidi ya 100 za wadudu na buibui. Kumfuga fukusi wa kunde, yule mdudu mdogo anayetoboa punje, ni rahisi: akishakomaa anaishi bila kula wala kunywa.

1. Tafuta kunde zilizoingia wadudu. Sokoni Darajani hazikosekani.

2. Chagua punje zenye yai moja, kidoa cheupe kilichogandia kwenye ganda. Kila punje na chupa yake ya kioo, mdomo ufungwe kitambaa. Kopo la plastiki sitaki kulisikia. Wakati wa masika linatoa jasho na kuota ukungu. Subiri wiki tatu au nne.

3. Pambanua dume na jike. Hapa usiharakishe. Tia chupa kwenye friji dakika chache mpaka mdudu apooze, kisha mtazame kwa nyuma, kwenye bamba ambalo mbawa hazikulifunika. La jike ni kubwa, lina mistari miwili myeusi ubavuni. La dume halina. Lakini kunde zilizojaa wadudu hutoa fukusi wa kuruka, wenye manyoya meupe yanayoficha mistari. Hao waache. Wala usikadirie kwa ukubwa, maana jike aliyebanana na wenziwe ndani ya punje hutoka mdogo. Ukishuku, mlaze na dume unayemjua pamoja na kunde safi. Yakionekana mayai, huyo ni jike. Bila uhakika huo utaandika "dume kwa dume" kumbe umeangalia harusi ya kawaida. Simu iache, tumia lenzi ya fundi saa.

4. Weka madume wawili kwenye kisahani kilichotandikwa karatasi. Kama jike alikaa humo, kioshe kwa sabuni, harufu yake huwachangamsha madume. Mpandaji hung'ang'ania mgongoni na kutoa kiungo chake. Aliyepandwa hukimbia au hupiga mateke. Jike naye hupiga mateke, kwa hiyo teke si ushahidi.

5. Andika nani kampanda nani, na kwa muda gani. Rudia kwa majike wawili: utafiti wa 2013 uliwachagua na kuwazalisha fukusi wa jinsia moja wenye tabia hii, ikazidi hata kwa ndugu zao wa jinsia ya pili. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba dume humdhania dume mwenziwe kuwa ni jike. Maisha yake ni mafupi, na kumkosa jike kunamgharimu kuliko kupanda ovyo.

Ukimaliza, kunde zote ziende friza siku kadhaa kabla ya kutupwa, la sivyo ghala ya mama itakujua.