Namna ya Kuchunguza Maji ya Ardhini Palipozikwa Matangi ya Mafuta

Anza na historia ya kiwanja: matangi yalikaa wapi, yalihifadhi nini, na yaliondolewa lini. Kituo kilichofanya kazi kabla ya katikati ya miaka ya 2000, Kenya au Tanzania, huenda kiliuza petroli yenye risasi, hivyo madini hayo nayo yapimwe.

Chimba angalau visima vitatu vya uchunguzi visivyo katika mstari mmoja, kisha linganisha usawa wa maji katika visima hivyo, uliopimwa kutoka kiwango kimoja cha rejea, ili ujue yanakoelekea. Usitegemee mteremko wa uso wa ardhi, hasa Mombasa, ambako maji hupenya katika mianya ya miamba ya matumbawe. Kwa kuwa petroli huelea, sehemu ya bomba la kisima yenye matundu ianzie juu ya usawa wa maji na kuendelea chini yake. Kosa hapa huficha tabaka zima la mafuta.

Pampu maji polepole hadi jotoridi na pH (kipimo cha asidi) vitulie, ndipo ujaze chupa ndogo za kioo hadi pomoni, bila kiputo hata kimoja, maana benzini, kemikali yenye sumu iliyomo katika petroli, hutoroka hewani upesi. Zihifadhi kwenye barafu na uzipeleke maabara bila kukawia.

Kikomo cha benzini cha Shirika la Afya Duniani katika maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Visima vya majirani vipimwe mapema, pasipo kungoja ripoti, na chenye harufu ya mafuta kisitumike tangu siku hiyo.