Jinsi ya kuomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal, na mambo ya kusoma kabla ya usaili wa mchujo

Tangazo la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma likitoka tu, watu huanza kusakana: nani ana maswali ya mwaka jana? Mafaili husambazwa, mengine huuzwa, na mengi yake hayana hata jina la kada iliyofanya mtihani huo. Ndugu yangu, usitupe hela yako huko. Silabasi unayo mkononi: ni ile sehemu ya tangazo iliyoandikwa "Majukumu ya kazi", ambayo waombaji wengi huiruka ili wawahi kuona ngazi ya mshahara. Nitaeleza jinsi ya kuigeuza iwe ratiba ya kusoma, ila kwanza tumalize maombi, maana hakuna mtihani kwa asiyeitwa.

Nyaraka kwanza

Anza na namba ya NIDA, maana usajili unaihitaji. Tafuta cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, vyeti vya taaluma pamoja na transkripti zake, na cheti cha usajili au leseni kama kada yako ina bodi. Nakala zithibitishwe na wakili. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita, matokeo ya muda na barua za chuo zinazosema umemaliza hazipokelewi, kwa hiyo kama cheti halisi bado kiko chuoni, kifuatilie leo.

Aliyesoma nje ya nchi anahitaji uthibitisho: TCU kwa shahada, NACTVET kwa stashahada na astashahada, NECTA kwa elimu ya sekondari. Na yeyote ambaye majina yake yanatofautiana, cha nne kinasema hivi na NIDA inasema vile, ashughulikie hati ya kisheria ya kubadili jina mapema. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku ya uhakiki, pale mtu aliyesoma vizuri anaporudishwa nyumbani kwa sababu ya herufi mbili.

Kujisajili na kutuma maombi

Ingia portal.ajira.go.tz, fungua akaunti kwa barua pepe unayoitumia kweli, kisha jaza kila sehemu: taarifa binafsi, elimu, taaluma, mafunzo, uzoefu, lugha, ujuzi wa kompyuta na wadhamini watatu. Waombe wadhamini ruhusa kabla ya kuandika namba zao. Mkoa unaoishi sasa uandike kwa usahihi, kwa sababu kada nyingi hufanyiwa usaili wa mchujo, yaani mtihani wa kwanza wa kupunguza waombaji, kwenye mkoa alipo mwombaji. Kama umehama, badilisha.

Barua ya maombi unaweza kuiandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Mwandikie Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Taja jina la nafasi kama lilivyo kwenye tangazo, kisha chapa, weka sahihi kwa kalamu, skani, pandisha. Usisahau sahihi. Umri usizidi miaka 45, isipokuwa kwa aliyeko tayari kwenye utumishi wa umma. Maombi hayalipiwi, hivyo anayekudai hela "ya kukuingiza kwenye mfumo" ni tapeli.

Usingoje siku ya mwisho. Mfumo huelemewa.

Soma nini?

Tuchukue Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, kwa kuwa nafasi hizi hutangazwa na halmashauri nyingi. Tangazo lake husema atakuwa Afisa Masuhuli na Mtendaji Mkuu wa Serikali ya Kijiji, atasimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao, ataratibu na kusimamia upangaji wa mipango ya maendeleo ya kijiji, na atakuwa katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji. Kila sentensi hapo ni mada kamili.

"Afisa Masuhuli" ni fedha. Soma vyanzo vya mapato ya kijiji, utoaji wa stakabadhi, utunzaji wa vitabu, na wajibu wa kuwasomea wananchi taarifa ya mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu. "Katibu wa mikutano" ni muundo na taratibu. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, nao huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Jua kamati tatu za kudumu: Fedha, Uchumi na Mipango; Huduma za Jamii na Kujitegemea; na Ulinzi na Usalama. Kisha chukua karatasi uandike muhtasari wa mkutano wa kubuni, kuanzia waliohudhuria hadi kufunga kikao. Mtu anaweza kuijua akidi kwa kichwa na bado akashindwa kuandika muhtasari unaosomeka.

"Upangaji wa mipango" inakupeleka kwenye mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambayo wananchi huitumia kuibua miradi yao wenyewe. Ardhi haimo kwenye orodha fupi ya majukumu, lakini mtendaji hukutana nayo kila wiki, kwa hiyo pitia Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, hasa mamlaka ya Halmashauri ya Kijiji na hakimiliki ya kimila. Mizizi ya yote haya iko kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, na kwenye ibara ya 145 na 146 za Katiba ya mwaka 1977. Ibara hizo mbili zisome neno kwa neno. Ni fupi, na ndizo zinazoeleza kwa nini kazi unayoiomba ipo.

Kada nyingine zinafuata njia hiyohiyo. Afisa ununuzi asiende bila Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 na NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao. Anayesoma vitini vya sheria ya 2011 anajipotezea muda. Mhasibu asome Sheria ya Fedha za Umma, IPSAS (viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma) na MUSE (mfumo wa malipo wa Serikali). Mtunza kumbukumbu ajue kufungua jalada, tofauti ya masijala ya wazi na ya siri, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Dereva aanze na alama za barabarani na ukaguzi wa gari kabla ya safari. Mwandishi mwendesha ofisi asiache kujizoeza hatimkato (shorthand), maana spidi hupotea haraka.

Kwa kada zote kuna yale ya jumla: Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura 298, Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, na Kanuni za Maadili ya Utendaji. Misingi ya maadili ni minane: huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutopendelea, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria na matumizi sahihi ya taarifa. Usiikariri tu. Jiulize ungefanya nini iwapo mwananchi amekuletea "asante" baada ya kumhudumia, au bosi amekutaka umpe rafiki yake taarifa za ofisi. Istilahi zisome kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Siku ya usaili

Ukiitwa, ingia kwenye akaunti yako unakili namba ya mtihani, maana huwa haitolewi siku ya usaili. Beba kitambulisho kinachokubalika (uraia, mpiga kura, kazi, mkazi, hati ya kusafiria au leseni ya udereva) na vyeti halisi. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Baadhi ya kada hufanya mtihani kwa kompyuta, kwa hiyo kama hujazoea kusoma swali kwenye skrini huku muda unakimbia, jizoeze kabla.

Ukivuka mchujo, kada za ufundi, udereva na uandishi wa ofisi huenda kwenye usaili wa vitendo, kisha mahojiano. Kwenye mahojiano rudi kwenye yaleyale majukumu, safari hii kwa mdomo na kwa mfano. Ukiulizwa utafanya nini mapato ya kijiji yakipungua, usitaje sheria ukanyamaza. Sema utaanza na kitabu gani, utamwita nani, na utawaambia nini wananchi. Majina ya waliopangiwa vituo hutangazwa baadaye, na tangazo hilo hutaja muda wa kuripoti kwa mwajiri ukiwa na vyeti halisi. Usipoonekana ndani ya muda huo, nafasi hupewa mwingine aliyefaulu.