Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Mashindano Yako ya Kwanza ya Baiskeli Barabarani

Waendesha baiskeli wengi wa ridhaa hujiandaa kwa mashindano ya kwanza kwa kuongeza kilomita, na kilomita ni za lazima. Hata hivyo, mtu anaweza kuwa na miguu ya kumtoa Arusha hadi Moshi, takribani kilomita 80, bila kupumzika, na bado akaachwa kabla ya Usa River kwa sababu hajawahi kuendesha akiwa amezungukwa na watu arobaini. Hayo ndiyo yaliyonipata, na ndiyo maana naanza na kundi kabla ya tairi na chakula.

Anayemfuata mwenzake kwa karibu hukingwa upepo, na kwa mwendo uleule huweza kutumia nguvu pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko aliye mbele. Ukiachwa nyuma mita ishirini tu, kinga hiyo hutoweka, na katika tambarare ya kuelekea njiapanda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ambako hakuna miti ya kuuzuia upepo, ni vigumu mno kulifikia kundi tena. Kwa hiyo, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, tafuta wenzako watatu au wanne mfanye mazoezi ya kufuatana na kupokezana kuongoza. Usikazie macho tairi lililo mbele yako; tazama mabega ya mwenzako na barabara iliyo mbele yake. Tairi lako la mbele lisiingie kamwe ubavuni mwa tairi lake la nyuma, kwa kuwa yakigusana, yeye huyumba tu na kuendelea, lakini wewe unayeguswa tairi la usukani ndiye unayeanguka. Zoea pia kuonyesha mashimo kwa mkono na kupaza sauti, “Tuta!”, mapema kiasi cha kumwezesha aliye nyuma kujiandaa.

Matuta yanahitaji maelezo zaidi, kwani barabara yetu inayo mengi. Wa mbele hupunguza mwendo kidogo na kuvuka, lakini wa mwisho hukaribia kusimama kabisa, kisha hulazimika kukimbiza kwa nguvu zote ili asiachwe. Mimi nilikaa mkiani kwa adabu, nikiona si vyema mgeni kuwatangulia wenyeji, na kila tuta lilinidai mbio mpya hadi mapaja yakakakamaa. Jitahidi kukaa katika theluthi ya mbele ya kundi tangu mwanzo. Huko hakuna anayekudharau kwa ugeni wako, mradi uendeshe kwa kunyooka.

Baiskeli ipelekwe kwa fundi wiki moja kabla, wala si jioni ya kuamkia mashindano, kwa sababu waya mpya wa breki au wa gia hulegea kidogo katika safari za mwanzo na huhitaji kukazwa tena. Kagua matairi yote mawili polepole ukitafuta vipande vya chupa na miiba ya migunga. Hakikisha ncha za usukani zimezibwa, maana bomba lililo wazi hukata nyama mtu anapoanguka. Kisha tikisa kwa nguvu kishikio cha chupa. Changu kilikuwa kimelegea skrubu moja, nami sikujua; kwenye vituta vidogo vya kutikisa magari, chupa iliruka, ikabingirika katikati ya kundi, na kijana aliyekuwa nyuma yangu akaponea chupuchupu. Kiu niliyoipata baadaye niliisahau, lakini sauti ya breki zake bado naisikia.

Kofia ngumu haina mjadala. UCI, chama cha kimataifa cha mchezo huu, kiliifanya ya lazima kwa waendesha baiskeli wa kulipwa mwaka 2003, baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kufariki kwa majeraha ya kichwa aliyoyapata katika mashindano ya Paris–Nice.

Kuhusu chakula, akiba ya wanga mwilini hutosha takribani saa moja na nusu hadi mbili za kuendesha kwa nguvu. Kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, yaani ndizi mbivu moja hadi mbili za wastani, na uanze ndani ya nusu saa ya kwanza, kabla njaa haijabisha hodi. Fanya mazoezi ya kumenya kwa meno huku mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Kama mnaanza saa moja asubuhi, uji na mkate viwe tumboni kufikia saa kumi alfajiri.

Waulize waandaaji kama barabara itafungwa au malori na daladala yatakuwemo, na kama kuna gari la kuwachukua wanaoshindwa. Hata hivyo, beba tyubu, pampu, simu na nauli. Kuachwa si aibu: katika mbio za wanaume za ubingwa wa dunia mjini Kigali, Septemba 2025, kilomita 267.5, waliomaliza walikuwa 30 tu.

Ukifika mwisho, usifunge breki kwenye mstari. Endelea kunyonga pedali mita mia moja zaidi ukiwa umenyooka, mikono yote kwenye usukani, kwa sababu nyuma yako wapo wanaokuja wameinamisha vichwa, wanaoutazama mstari peke yake.