Kabla Hujaliuza Gari la Kisasa: Je, Peugeot 504 Linaweza Kazi ya Kila Siku?

Wapenzi wa magari ya kale huuliza mara kwa mara kama gari la miaka ya 1970 linaweza kumpeleka mtu kazini Jumatatu hadi Ijumaa, kiasi cha kumwezesha kuliuza lile la kisasa. Nitalijibu swali hilo kwa kuitazama Peugeot 504, kwa kuwa mtu wa Mombasa au Nairobi anaweza kuipata humu humu nchini, nalo ni jambo zito, maana Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka 8. Gari hili lilizinduliwa mwaka 1968, likaunganishwa hapa Mombasa kwa miaka mingi, na likashinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975, kisha tena mwaka 1978 kwa toleo la injini ya V6. Uimara wake umekwisha kuthibitishwa. Kilichobaki ni kujua kama gari lenyewe linafaa kwa safari zako wewe.

Kwa sababu hiyo, anza na safari kabla ya kulikagua gari. Kwa wiki mbili, andika daftarini kila mwendo: saa ya kuondoka, umbali, abiria uliowabeba, na hasa muda uliokaa kwenye foleni. Wengi huogopa safari ndefu, ilhali gari lililotunzwa vizuri hutoka Mombasa hadi Nairobi, karibu kilomita 480, bila kulalamika, kwa sababu upepo unapita muda wote kwenye rejeta, yaani kipoza maji ya injini. Linaloliumiza ni kusimama. Kwenye foleni ya feri ya Likoni saa nane mchana, injini inanguruma na gari halisogei, mshale wa joto hupanda polepole, na petroli huweza kugeuka mvuke ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Hapo injini huzimika, na utamwona dereva mzoefu akifunika pampu ya mafuta kwa kitambaa kilicholowa maji. Injini ya 504 ina hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ya aluminiamu, na likichemsha sana hedi hiyo hupinda na gasketi iliyo chini yake kuungua. Kwa hiyo, kabla ya kununua, fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando wenye rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yamekwisha kuingia kwenye oili, na ni afadhali uondoke. Ukilipenda gari lenyewe, tenga fedha za kusafisha rejeta na kufunga feni ya umeme tangu siku ya kwanza.

Kutu ndiyo hukumu ya pili, na hapa Pwani haina huruma. Usiridhike na rangi inayong'aa. Inua zulia la sakafu, kandamiza bati kwa ncha ya bisibisi, kisha fanya vivyo hivyo chini ya milango na pale shokomzoba za mbele zinapofungwa juu. Bati likibonyea, fundi wa kuchomelea atakula fedha nyingi kuliko injini nzima.

Mfumo wa kuwasha ni jambo jepesi zaidi: pointi, yaani vibati vinavyokata umeme ili cheche itokee, huchakaa na kuhitaji kusawazishwa, lakini unaweza kufunga mfumo wa kielektroniki ukapumzika. Jambo la muhimu ni fundi. Mtafute aliyezoea kabureta, si yule anayesubiri kompyuta imwambie tatizo, na umuulize waziwazi spea zipi zimekuwa adimu. Ulizia bima mapema pia, kwa kuwa kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari la umri huo bila tathmini ya mtaalamu.

Kuhusu usalama sitazungukazunguka. 504 haina mifuko ya hewa wala breki zinazozuia magurudumu kujifunga, na baadhi hazina mikanda ya viti vya nyuma. Mikanda inaweza kufungwa. Mengine ndivyo yalivyo. Ikiwa daftari lako linaonyesha kwamba unawapeleka watoto shuleni kila asubuhi, ushauri wangu ni kulibakiza gari la kisasa kwa kazi hiyo.

Ukiwa umeridhika na hayo yote, nunua, lakini usiuze chochote bado. Liache gari la kisasa nyumbani kwa miezi mitatu, ikiwezekana miezi itakayogusa mvua za masika, ili wipa, milango inayovuja na breki zilizolowa vijulikane. Andika kila shilingi ya mafuta na spea, na kila siku uliyolazimika kuchukua ufunguo wa gari lile jingine. Siku hizo zikiwa moja au mbili, na zote zilitokana na matengenezo uliyoyapanga mwenyewe, liuze. Zikizidi hapo, 504 ibaki gari la Jumamosi, na uirudishe kwenye jaribio baada ya kurekebisha kile kilichoisimamisha.