Kabla Hujapanda Kilimanjaro na Chupa za Sampuli

Wengi wanaoanza utafiti wa uzamivu kuhusu Kilimanjaro huanza kwa kutazama kileleni. Siwalaumu, weupe ule umechorwa hata kwenye chupa za maji ya dukani. Lakini kabla ya kununua kiatu, amua swali lako linakaa mwinuko gani.

Mwaka 1912 barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima huu, ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Inasikitisha, ila usikimbilie kuandika kwamba ndiyo sababu maji ya mifereji ya Marangu, huku chini mlimani, yanapungua. Kule juu hewa ni kavu na jua ni kali, hivyo sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke bila kwanza kuwa maji. Maji ya mto Pangani, unaolishwa na mlima huu, hutegemea zaidi msitu. Upande wa kusini mvua huwa nyingi kupita kote kwenye mita 2,200 hivi, na juu zaidi matawi yaliyovaa kuvumwani, vimelea kama ndevu juu ya magome, hunasa ukungu na kuudondosha ardhini. Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alionyesha kwamba moto unaoteketeza misitu ya mierika, miti ya jenasi Erica ya mwinuko wa juu, umeupotezea mlima maji mengi kuliko kuyeyuka kwa barafu. Kama unafuatilia maji, basi, vifaa vyako vingi vikae msituni. Kileleni utapata picha nzuri.

Vibali vianze mapema kuliko unavyodhani. Kuna COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na kwa kuwa unaingia hifadhini kuna TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Sampuli za kupelekwa maabara za nje zina kibali chake. Nimemwona mwanafunzi akikaa Moshi wiki tano akila chipsi mayai, akisubiri karatasi moja, huku masika ikimpita. Ukikosa masika, yaani Machi hadi Mei, hufidii kwa vuli, umepoteza mwaka.

Misimu hiyo miwili inawasumbua pia wanaosoma pete za miti. Ulaya mti hupumzika majira ya baridi na kuacha pete moja ya wazi. Hapa unaweza kuweka mbili kwa mwaka, au usiweke inayosomeka. Kabla ya kutoboa hata mti mmoja, ivike miti yako mikanda ya kupimia unene na uifuatilie mwaka mzima, ujue kila spishi hukua lini.

Sasa chupa, maana hapa ndipo tasnifu nyingi huvujia. Kama unatumia isotopi za oksijeni na haidrojeni, yaani atomu za elementi moja zinazotofautiana uzito, kutambua maji ya chemchemi yalinyesha mwinuko gani, jaza chupa pomoni na ufunge pasibaki kiputo. Maji yakivukiza, molekuli nyepesi hutangulia kutoka, na kilichobaki kinakudanganya. Andika namba kwa penseli, ukungu wa msituni hufuta wino. Betri za akiba zilale nawe ndani ya blanketi, baridi inazimaliza.

Kuhusu urefu wa mlima sina mengi: panda polepole, na kichwa kikizidi kuuma, shuka. Wagumu, yaani wapagazi wetu, mwisho wa mzigo wao ni kilo 20, kwa hiyo pima vyuma vyako Moshi, si getini.

Chini ya mpaka wa hifadhi maji yana wenyewe. Mifongo, mifereji ya Wachaga inayopeleka maji vihambani, yaani kwenye mashamba yao ya nyumbani, ina wazee wake na zamu zake. Ukitaka kuweka kipimo cha mtiririko, pita kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha nenda kwa wazee wa mfongo, toa shikamoo, ukae. Swali litakuja tu: "Mjukuu wangu, hicho chuma hakitatupunguzia maji?" Uwe na jibu la Kiswahili lisilo na neno isotopi, na mwonyeshe maji yakipita. Chuma kisichoelezwa hung'olewa usiku. Kisha muulize ni chemchemi ipi ilikauka na ilikuwa mwaka gani. Huenda atakutajia mwaka wa mtoto fulani kuzaliwa au wa kahawa kuanguka bei, nawe uandike hivyo hivyo alivyosema, tarehe utaitafuta baadaye.