Jinsi ya kuhakiki stori ya mtu aliyeficha Wayahudi vitani

Ukikutana na stori ya mtu aliyeficha Wayahudi enzi za Hitler usikimbilie kushea, ingia kwanza tovuti ya Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, utafute jina kwenye orodha yake ya waliowaokoa. Wanaotambuliwa ni wasio Wayahudi waliohatarisha maisha bila kudai malipo, na ushahidi wa walionusurika ndo unabeba uzito. Jaribu Jan Żabiński, mkuu wa bustani ya wanyama Warsaw, Poland, utaona yeye na mkewe Antonina walitambuliwa 1965. Mabomu ya 1939 yaliua wanyama kibao, basi wakaficha watu mpaka kwenye mabanda yaliyobaki matupu, jamaa akafuga nguruwe apate kisingizio cha kuingia geto (mtaa Wayahudi walikofungiwa) kuchukua mabaki ya chakula, na Antonina akipiga wimbo fulani kwenye piano waliofichwa wanajua kimenuka, hatari ipo (akili hiyo!). Jina lisipoonekana usiseme ni uongo, wengi hawakuandikwa.